Ukuta wa kiwanja hautoshi, bwawa linataka uzio wake

Ndugu washauri,

Salaam. Miezi minne iliyopita mimi na mume wangu tulihamia nyumba yenye bwawa la kuogelea uani. Ni la zege, urefu mita 8 na upana mita 4, kina kinaanzia mita 1.1 na kuishia 1.8. Kati ya bwawa na ukuta wa nyuma wa kiwanja kuna mita 1.2 hivi. Barazani kuna jakuzi ya watu wanne, ile ya kukaa juu ya sakafu, yenye mfuniko laini wa kuhifadhi joto. Tuna mtoto wa miaka mitatu na mwingine ameanza kutambaa.

Wiki iliyopita mkaguzi wa halmashauri alifika. Alisimama kwenye mlango wa baraza, akahesabu hatua zake hadi majini: saba. Akaandika, akatuachia notisi ya siku 30 yenye mambo manne. Hakuna kizuizi kati ya nyumba na bwawa. Geti dogo la pembeni halijifungi lenyewe. Jakuzi haina mfuniko wenye kufuli. Na maji ya kuoshea chujio yanatiririkia kwa jirani. Kwa hilo la mwisho sina la kujitetea, maua ya jirani yameungua kabisa upande wetu. Kibaya zaidi, bomba lile linachuruzika hata siku ambazo hakuna aliyeosha chujio.

Mume wangu anasema kiwanja chote kina ukuta wa mita 2 na geti la mbele halikai wazi, sasa uzio mwingine ndani ya ukuta wa nini? Fundi wa kuchomelea ametuchorea uzio wa mita 1, bomba tano zilizolazwa, moja juu ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 20. Anasema ni wa kisasa na hautaziba mandhari. Amechora upite kando ya kasha la pampu lililo kwenye kona ya baraza, kasha la zege lenye kimo cha sentimita 70. Shemeji yangu naye anashauri tumwage maji yote, bwawa likae tupu mpaka watoto wakue, maana bwawa tupu halina sheria.

Nimechoka kusikiliza kila mtu. Zimebaki siku 22. Tuanzie wapi?

Mama Wawili

*

Dada yetu Mama Wawili,

Anza na hoja ya mume wako, kwa sababu ndiyo inayoingia akilini haraka na ndiyo yenye kosa kubwa. Ukuta wa mita 2 unamzuia mtu wa nje. Mtoto mdogo anayezama katika bwawa la nyumbani kwa kawaida hakuruka ukuta wa mtu. Alikuwa ndani, akatoka kwa mlango wa jikoni au wa baraza ambao kila mtu mzima alidhani mwenzake ameufunga. Kanuni za mabwawa ya nyumbani zimeandikwa kwa ajili ya mtoto huyo, na ndiyo maana mkaguzi alianza kuhesabu hatua kwenye kizingiti cha mlango. Hatua saba za mtu mzima ni chini ya nusu dakika kwa mtoto wa miaka mitatu. Tena mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo ukiwa chini ya maji hakuna sauti inayotoka, na aliye jikoni hasikii chochote. Nchini Marekani, kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4. Mwonyeshe mume wako aya hii, kisha msimame wote wawili pale mlangoni alipokuwa amesimama mkaguzi.

Kabla hamjanunua hata bomba moja, mwombeni mkaguzi akuandikieni vifungu vya kanuni alivyotumia katika kila jambo kati ya yale manne. Kanuni za bwawa hukaa sehemu tatu: sheria ya majengo ya nchi, sheria ndogo za halmashauri, na masharti ya kibali kilichotumika kujenga bwawa lenyewe. Kibali kiombeni ofisi ya ujenzi kama aliyewauzia nyumba hakuwaachia. Ulizeni mambo matatu hasa. Kina cha maji kinachofanya chombo kihesabiwe kuwa bwawa ni kipi? Katika majimbo ya Australia ni zaidi ya sentimita 30, New Zealand ni sentimita 40, na kanuni za mfano zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinasema zaidi ya sentimita 61. La pili, je, bwawa la zamani linapimwa kwa kanuni za mwaka lilipojengwa au za leo? Kuna mahali linapewa ahueni, lakini ukibadilisha uzio au kulijenga upya ahueni hiyo huondoka. La tatu, je, uzio wenyewe unahitaji kibali? Msichomelee kabla ya kujibiwa hili la tatu.

Vipimo tutakavyowapa hapa vimechukuliwa kwenye kanuni kali za nchi kadhaa, kwa makusudi, ili uzio mmoja utosheleze karibu kanuni yoyote mtakayowekewa mezani. Karatasi ya halmashauri yenu ikisema kikubwa zaidi, fuateni hiyo.

Sasa mchoro wa fundi. Huo si uzio, ni ngazi. Bomba tano zilizolazwa kwa sentimita 20 ni vidato vitano, na mtoto anayepanda kitanda cha wazazi wake atavipanda. Isitoshe mita 1 ni fupi. Marekani, Australia, New Zealand na Afrika Kusini wanataka angalau mita 1.2, na Ufaransa mita 1.1. Mwambieni fundi asimamishe bomba wima. Bomba mbili tu zilale, moja chini kabisa na moja juu kabisa, na kati yao kusiwe na kitu chochote cha kukanyaga. Australia wanataka angalau sentimita 90 kati ya sehemu mbili zinazokanyagika. Kanuni za Marekani zinataka sentimita 114, au sivyo bomba za kulala ziwe upande wa bwawa na nafasi za wima zibanwe hadi sentimita 4.4. Jengeni uzio wa mita 1.3: bomba ya chini sentimita 5 kutoka ardhini, ya juu ikomee kwenye mita 1.3. Mmetosheleza wote.

Kwa nini 1.3 wakati kanuni inasema 1.2? Kwa sababu kimo hupimwa upande wa nje, alikosimama mtoto, na ardhi ya nje hupanda. Leo mtaweka uzio, mwakani mtamwaga kokoto au kuongeza tabaka la vigae, na uzio wa mita 1.2 kamili utakuwa wa 1.14. Hivyo ndivyo uzio mwingi unavyofeli ukaguzi wa pili. Upande wa chini nao una yake. Ardhi ikiwa ni udongo au majani, nafasi ya chini isizidi sentimita 5, maana mvua huchimba na mtoto hufukua. Juu ya zege sentimita 10 huruhusiwa, ila sisi tungebaki na 5.

Kati ya bomba na bomba nafasi isizidi sentimita 10. Mwambieni fundi apange 9, kwa kuwa kuchomelea huvuta chuma na bomba moja ikipinda kidogo tayari umevuka. Njia rahisi ya kupima ni kukata kipande cha ubao chenye upana na unene wa sentimita 10, kisha kujaribu kukipitisha katika kila nafasi, moja baada ya nyingine, pamoja na kwenye maungio ya nguzo na ukuta. Kikipita popote, pamefeli. Chagueni bomba za skwea za milimita 20 zenye ukuta wa milimita 1.5 au zaidi. Nyembamba kuliko hapo, mtoto mkubwa anaweza kuzitanua kwa mikono na nafasi ya 9 ikawa 11. Nguzo zishuke angalau sentimita 50 ndani ya zege.

Hesabu yenu si kubwa kama mnavyodhani. Mkiacha mita 1 ya kupita kila upande, na ukuta wa nyuma ukawa upande wa nne, mnahitaji mita 10 kwa mbele na mita 6.2 kwa kila ubavu, yaani kama mita 22 na nusu, zikiwemo za geti. Bomba ya milimita 20 na nafasi ya sentimita 9 ni sentimita 11 kwa kila moja, kwa hiyo ni bomba wima 200 na ushee, kila moja urefu wa mita 1.25 hivi.

Ukuta wenu wa nyuma unaweza kutumika kama upande wa nne kwa masharti. Australia, ukuta wa mpakani unaotumika hivyo lazima uwe na mita 1.8, na sentimita 90 za juu upande wa ndani zisiwe na cha kushika wala kukanyaga. Wenu una mita 2, vizuri, lakini ondoeni rafu, chanja za maua na matawi yanayoufikia. Kuta za nyumba ndizo tusizoshauri kuzitumia kama upande wa nne, hata pale sheria inaporuhusu. Ukizitumia, kila mlango na kila dirisha linalofungukia bwawani linageuka kuwa sehemu ya uzio. Itabidi mlango ujifunge wenyewe au uwe na king'ora, dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, na yote hayo yadumu hivyo kila siku. King'ora cha mlango huzimwa siku ya wageni na husahaulika. Uzio wa pande zote unaolitenga bwawa na nyumba hauna swichi ya kuzima.

Kasha la pampu ndilo tulilosimama nalo muda mrefu tulipokuwa tunasoma barua yako. Lina sentimita 70 na linagusa mstari wa uzio. Kwa mtoto aliyesimama juu yake, uzio wa mita 1.3 umebaki wa sentimita 60. Pitisheni uzio nje ya kasha ili libaki upande wa bwawa, umbali wa hatua moja kutoka kwenye uzio, au sogezeni mstari uwe zaidi ya sentimita 90 mbali nalo. Sheria hiyo ya sentimita 90 inahusu kila kitu kilicho upande wa nje: vyungu vya maua, ngazi, mashine ya hewa, kiti cha plastiki, baiskeli. Vilivyojengewa mkaguzi ataviona. Viti ni ninyi wa kuviangalia, kwa sababu mtoto hukisukuma kiti mwenyewe hadi anapotaka.

Geti ndilo hufeli kuliko kitu kingine chochote. Lazima lifunguke kuelekea nje, mbali na bwawa. Sababu yake ni nzuri: likiwa halijashika vizuri na mtoto akaliegemea akitaka kwenda majini, uzito wake mwenyewe unalifunga. Lazima lijifunge na komeo lijishike, bila mkono wa mtu. Komeo liwe juu, mita 1.37 kwa kanuni za Marekani na mita 1.5 kwa Australia. Uzio wenu ni wa 1.3, kwa hiyo nunueni komeo lenye nguzo yake inayopanda juu ya uzio, linalofunguliwa kwa kuvuta kitufe cha juu. Pale mnaporuhusiwa komeo la chini, linapaswa kuwa upande wa bwawa, sentimita 7.5 au zaidi chini ya ukingo wa juu wa geti, na ndani ya sentimita 45 za kulizunguka kusiwe na tundu linalozidi milimita 13, yaani pasipenye kidole wala kijiti.

Jaribuni geti hivi. Lifungueni hadi mwisho, liachieni. Lifungueni nusu, liachieni. Kisha jaribio linaloumbua mageti mengi: liwekeni likiwa limegusa tu komeo, bila kushika, liachieni. Mara zote tatu linapaswa kujifunga na kulia "ta". Likikataa la mwisho, kazeni springi ya bawaba pingili moja moja, si zote kwa mpigo, la sivyo litajibamiza na komeo litapasuka ndani ya miezi. Likiwa limeshuka na ulimi wa komeo umepishana na tundu lake hata kwa milimita 5, tatizo ni nguzo imelala au bawaba zimelegea, na kukaza springi hakutasaidia. Bawaba za chuma cha kawaida karibu na klorini huota kutu haraka. Tafuteni za chuma kisichoshika kutu au za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa mageti ya bwawa. Na lile jiwe la kuzuia geti lisijifunge siku ya kufanya usafi, liondoeni uani kabisa.

Jakuzi. Mfuniko mlio nao ni blanketi la joto, si kinga. Uzito wa mtoto unaubonyeza, anateleza pembeni, nao unarudi kumfunika. Kinachotakiwa ni mfuniko mgumu wenye mikanda na kufuli. Kipimo cha Marekani kinautaka mfuniko wa jakuzi ubebe kilo 125, na pale wenye kipimo hicho na kufuli unaweza kukuondolea wajibu wa uzio. New Zealand wanaukubali kwa jakuzi yenye uso wa maji usiozidi mita 5 za mraba, na kuta zake ziwe na kimo cha angalau sentimita 76 kutoka sakafuni. Jimbo la Victoria, Australia, hawaukubali peke yake: jakuzi huzungushiwa uzio kama bwawa. Kwa kuwa mkaguzi wenu ameandika mfuniko wenye kufuli, inaonekana halmashauri yenu iko upande wa kuukubali, lakini hakikisheni ameandika hivyo kwa mujibu wa kifungu. Ngazi ya kupandia jakuzi iondolewe kila baada ya kutumia. Maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi, na watoto wa chini ya miaka 5 wasiingie kabisa, miili yao hupanda joto upesi mno. Klorini ya jakuzi ikae angalau miligramu 3 kwa lita, wakati bwawa linatosha kwa 1 na kuendelea, maana maji ya vuguvugu yanaimaliza haraka na bakteria wa Legionella na Pseudomonas wanapenda joto hilo hilo.

Kuna jambo ambalo notisi haikulitaja na hatutaki lipite: matundu ya kunyonyea maji chini ya bwawa na ndani ya jakuzi. Mwaka 2002 huko Marekani, Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alinaswa na mvuto wa tundu la jakuzi chini ya maji akafa. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka 2007, na tangu mwisho wa mwaka 2008 vifuniko vya matundu vinavyouzwa kule lazima viwe vya aina inayozuia kunasa mwili na nywele. Zimeni pampu, kisha angalieni vyenu. Kifuniko bapa kama sinia, kilichopasuka au kilichopoteza skrubu, kibadilishwe kabla mtu hajaingia majini tena. Kizuri kimebinuka kama bakuli lililofunikwa, na kimeandikwa kiasi cha maji kinachoweza kupitisha pamoja na miaka ya kutumika. Pampu moja ikivuta kwa tundu moja tu, fundi aongeze la pili, umbali wa sentimita 90 au zaidi, ili mwili ukiziba moja maji yavutwe kwa jingine. Fundisheni kila anayeoga kwenu swichi ya pampu ilipo. Aliyenaswa haokolewi kwa kumvuta, pampu huzimwa kwanza.

Kuhusu shemeji: mwambieni kwa heshima kwamba bwawa tupu lina sheria, na lina hatari mbili. Lenu lina maji ya meta za ujazo 46 hivi, yaani tani 46, na uzito huo ndio unaolikandamiza ardhini. Ukiutoa wakati maji ya ardhini yako juu, hasa baada ya mvua, maji hayo yanalisukuma kutoka chini. La fibaglasi linaweza kuinuka mzima mzima, la zege linapasuka sakafu. Hatari ya pili ni mvua yenyewe. Sentimita 30 za maji ya kijani chini ya shimo la mita 1.8 ni mbaya kuliko bwawa safi, kwa kuwa mtoto akianguka hapo humwoni, na mbu wamepata nyumba. Kanuni nyingi huhesabu chombo kinachoweza kushika maji, si maji yaliyomo leo. Mkitaka kuliacha kabisa, kuna utaratibu wa kulifukia kwa kibali, unaoanza kwa kutoboa sakafu ili maji yapenye, na hiyo ni kazi nyingine kubwa.

Maji ya jirani ni rahisi kuliko yote, na huenda tayari umetuambia chanzo. Bomba la kutolea linachuruzika siku ambazo hakuna aliyeosha chujio? Basi gasketi iliyo ndani ya kichwa cha vali ya chujio, ile yenye umbo la miale ya gurudumu, imelika au imetoka kwenye mfereji wake. Mara nyingi huharibika kwa sababu mtu anazungusha mkono wa vali pampu ikiwa inafanya kazi. Zimeni pampu, fungeni vali za kuingiza na kutoa, fungueni skrubu za kichwa cha vali baada ya kuweka alama ya mkao wake, toeni gasketi, safisheni mfereji, gundisheni mpya. Kuanzia siku hiyo pampu izimwe kila mara kabla mkono haujaguswa.

Kuosha chujio lenyewe: fanyeni pale geji ya presha inapopanda kama nusu bar juu ya kiwango chake cha siku ya chujio safi, si kila mnapojisikia. Dakika 2 hadi 3, mpaka kioo cha kuonea kionyeshe maji safi, kisha suuzeni kwa nusu dakika. Pampu ya lita 10,000 kwa saa inatoa kama lita 500 kwa dakika 3. Maji hayo yana klorini na uchafu, ndiyo maana maua yameungua. Yasiende kwa jirani, wala kwenye mfereji wa mvua unaoishia mtoni, wala kwenye tangi la choo, kwa sababu lita 500 za ghafla huvuruga tope na klorini huua bakteria wanaofanya kazi humo. Pelekeni kwenye bomba la majitaka la umma kama mamlaka inaruhusu, au kwenye shimo la mawe. Mawe ya ukubwa wa ngumi huacha nafasi ya kama theluthi moja, hivyo kumeza lita 600 mnahitaji shimo la meta za ujazo 1.8, mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na mpaka na kisima chochote. Uliza kwanza, chimba baadaye. Na mpelekee jirani habari mwenyewe, kabla hajamwona fundi akichimba.

Umeme hatuugusi kwa maelezo marefu, mwachieni fundi mwenye leseni. Aangalie mambo matatu: swichi ya RCD (inayokata umeme wenyewe ukivuja) ya miliampea 30 kwa pampu, taa na jakuzi, taa iliyo ndani ya maji iwe ya volti 12 na transfoma yake ikae mbali na ukingo, na ngazi ya chuma, vishikio na pampu viwe vimeunganishwa kwa waya mmoja wa shaba. Uzio wenu mpya wa chuma uko karibu na maji, naye aamue kama unaunganishwa humo. Mwite kabla zege la nguzo halijamwagwa.

Siku 22 zinatosha mkizipanga. Leo, si kesho, wekeni komeo la juu kwenye mlango wa baraza na wa jikoni, mita 1.5 kutoka sakafuni, na fungeni jakuzi kwa mikanda hata kabla mfuniko mpya haujafika. Wiki hii pelekeni barua kwa mkaguzi yenye mchoro mpya wa uzio ukiwa na vipimo vyote, mwombe aukubali kwa maandishi, kisha agizeni komeo na bawaba za geti. Hizo ndizo huchelewa, bomba zinapatikana wakati wowote. Wiki ya pili ni ya nguzo na gasketi. Zege la nguzo lipewe siku saba kabla ya kutundikwa geti, la sivyo geti litaivuta nguzo na komeo litapishana. Mkiona mnachelewa, ombeni muda kabla siku ya 30 haijafika, mkiambatanisha picha za kazi iliyofanyika na za uzio wa muda mliouweka. Mkaguzi akirudi, mpeni ule ubao wa sentimita 10 apitie mwenyewe.

Washauri